Komunike ya redio na jirani yako: nani hasa anageuza maoni ya watu hapa Goma?

Mpokea Komunike (Goma)

Jambo kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Uzi ni mrefu, asiye na mega za kutosha asome nusu leo, nusu kesho.

Kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye dirisha la matangazo la redio moja ndogo ya hapa mjini. Jina lake tuliache. Kazi yangu ilikuwa kupokea komunike: misiba, vitambulisho vilivyopotea, mtoto aliyepotelea sokoni Virunga, mikutano ya wazazi, mbuzi. Mtu anakuja na karatasi aliyoichana kwenye daftari la mtoto, anaisoma kwa sauti mbele yangu ili ahakikishe majina ya wakwe nitayatamka sawasawa, analipa, anaomba ipite asubuhi na jioni.

Komunike iliyonishangaza kuliko zote ni ile ya parsele, yaani kiwanja. "Parsele iliyoko avenyu fulani, kartiye fulani, haiuzwi. Atakayeinunua asije akasema hakuambiwa." Ukienda pale, ukutani wameshaandika kwa rangi nyekundu kwamba haiuzwi. Avenyu nzima inajua ugomvi wa ndugu wale. Shefu wa avenyu anaujua zaidi, maana aliwaweka chini wakashindwa kuelewana mbele yake. Sasa mama wa watu anatoa franka zake za kununulia unga ili awaambie watu jambo wanalolijua?

Nilimuuliza mmoja. Akanijibu huku anakunja risiti: "Wanajua, lakini kila mmoja anajifanya hajui. Ikishapita redioni, wa kujifanya hayupo tena."

Hapo ndipo ninaposimama. Tukisema redio, televisheni au simu zina nguvu juu ya jamii, wengi tunafikiri zinaingia kichwani mwa mtu, zinatoa imani moja na kuweka nyingine. Mimi naona imani ya mtu ni ngumu kuihamisha. Kinachohama upesi ni hesabu anayoipiga juu ya wenzake: wanajua nini, wanakubali nini, nikifanya hivi watanionaje. Na sisi binadamu tunatembea kwa hesabu hiyo kuliko kwa imani yetu.

Wala si maneno ya dirishani tu. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alilipima jambo hili ng'ambo ya mpaka wetu, Rwanda. Vikundi vya vijijini vilisikiliza mchezo wa redio kwa mwaka mzima, vingine mchezo wa maridhiano, vingine mchezo wa afya. Matokeo yalichapishwa 2009. Wale wa maridhiano, imani zao binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni mawazo yao kuhusu lipi ni la kawaida katika jamii: kuoana baina ya makundi, kusema wazi unapopinga, kuaminiana. Mwishoni kila kikundi kiliachiwa redio ya kaseti na mawe (betri) yake. Vikundi vya afya vilielekea kumkabidhi mkubwa wa mahali aitunze. Wale wa maridhiano walianza kujadiliana waitumieje kwa pamoja. Imani ileile, mwenendo tofauti.

Haya, nipingeni.

Kijana wa Birere

Ya mkubwa, heshima kwako, lakini redio nani bado anasikiliza? Huku Birere ni WhatsApp na TikTok. Halafu hiyo ya kusema redio haiingii kichwani, mbona Marekani 1938 mchezo wa redio kuhusu watu kutoka Mars uliwatoa watu majumbani mbio? Hao hawakupiga hesabu ya jirani.

Mpokea Komunike

Mdogo wangu, hiyo hadithi ya Orson Welles ndiyo inayofundishwa kila mahali, na ndiyo iliyotiwa chumvi kuliko zote. Tarehe 30 Oktoba 1938 mchezo ulipita kweli kwenye CBS na wapo walioshtuka. Ila usiku uleule kampuni ya kupima wasikilizaji ilipigia simu nyumba 5,000, na waliosema wanausikiliza mchezo huo walikuwa asilimia 2. Taifa zima kukimbia ilikuwa kazi ya magazeti ya kesho yake, ambayo wakati ule yalikuwa yanagombania matangazo ya biashara na redio. Na wewe leo, miaka zaidi ya themanini baadaye, uko Birere unaamini Marekani yote ilikimbia. Nguvu ya vyombo vya habari unaiona hapo, lakini ni ya magazeti.

Ya WhatsApp narudi kwayo, usiondoke.

Mkaaji wa Majengo

Miye nilikuwaka Majengo ile siku volkano ilipasuka, 22 mwezi wa tano 2021. Hakuna mutu alingojea komunike. Tuliona mbingu inakuwa nyekundu, jirani anafunga mulango, mama yake anabeba mutoto na godoro, basi na siye tukatoka. Hakuna redio, hakuna nini. Weye unaongea ya dirisha, siye tulitumia macho.

Mpokea Komunike

Ndugu wa Majengo, pole tena kwa ile siku. Umesema kweli tupu, na umenifungulia njia.

Jumamosi ile jioni volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, njia ya Sake na mpaka wa Gisenyi vilijaa watu kabla serikali haijatamka neno. Wanasayansi walioichunguza, makala yao ikatoka 2022, walikuta hata vipimo vya mlima havikutoa onyo la kueleweka mapema: ishara zilianza dakika kama 40 tu kabla. Kwa hiyo usiku ule macho yalifanya kazi yake. Watu wapatao thelathini walikufa, lava ikasimama kule Buhene, mji ukapona kwa chupuchupu.

Sasa weka kando yake usiku wa kuamkia tarehe 27. Mbingu haikuwa nyekundu. Matetemeko yalikuwepo, nyufa barabarani zilikuwepo, lakini lava ya kuonekana hakuna. Gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akatangaza kwamba kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame, kwamba magma (mwamba ulioyeyuka) imeonekana chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, na mlipuko unaweza kuja bila onyo. Watu kama 400,000 waliondoka. Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda, mitumbwi na meli za Bukavu, unakumbuka mwenyewe.

Kartiye yetu haikuwa kwenye orodha. Tuliisikiliza, ikarudiwa, tukaisikiliza tena kwa makini, haimo. Nyumbani tukakubaliana tunabaki. Asubuhi kumekucha, jirani mwenye gari akatoa jenereta yake, akaihangaikia mpaka ikaingia kwenye buti, akafunga buti kwa kamba kwa sababu halikufungika. Hakusema neno kwa mtu. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji akaweka bidoni chini, akamtazama, akaingia kwake, akatoka na masanduku. Ilipofika saa tatu, avenyu nzima ilikuwa njiani. Ukiwauliza wale watu kama waliamini kuna magma chini ya vitanda vyao, wengi wangekuambia hawajui magma ni kitu gani. Walisikia tangazo lililosikiwa na wote, kisha wakaona jenereta.

Na kuna tarehe 29, ambayo watu wameisahau. Siku hiyo serikali iliandika kwenye Twitter kwamba Murara, mlima mdogo upande wa Nyamulagira, umelipuka. Baada ya saa chache ikakanusha, hakukuwa na mlipuko wowote. Habari ya mlipuko ilifika Sake na Minova usiniulize kwa mwendo gani. Kanusho lilipita polepole, wengine hawakulisikia kabisa. Nimelifikiria sana hili. Habari ya hatari ina jirani anayebeba godoro, kila mtu anamwona. Kanusho halina wa kulibebea godoro. Mtu akikaa nyumbani kwa sababu amesikia kanusho, nani anamwona? Watu walianza kurudi kwa wingi waziri mkuu alipotangaza tarehe 7 Juni kwamba wanaweza kurudi kidogokidogo, kwa sababu hapo malori yakaonekana yanageuza.

Mfanyabiashara Sake

Uzi mrefu kuliko barabara ya kwetu, lakini nasoma. Siku zile bei ya muhogo ilipanda kwa tetesi mbili tu. Endelea.

Mzee wa Katindo

Wanangu, niruhusuni na mimi.

Wakati wa Mobutu, taarifa ya habari kwenye televisheni ilianza kwa sura yake kushuka kutoka mawinguni. Nani aliamini kwamba anakaa mawinguni? Tulicheka ndani, nje tukanyamaza. Mpaka hapo nakubaliana na wewe, mwanangu wa komunike.

Lakini mimi niliuona mwezi wa saba 1994. Watu karibu milioni moja waliikimbia Rwanda wakaingia hapa kwa siku chache. Kipindupindu kiliwaua tukiwaona, ardhi yetu ni mawe, hata kaburi huwezi kuchimba. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na redio, RTLM, iliyoanza Kigali mwezi wa saba 1993, muziki mzuri, utani, halafu majina ya watu wa kuuawa. Sasa ukiniambia redio haiingii kichwani mwa mtu, nitakuuliza: wale wote walioua waliingiwa na nini?

Mpokea Komunike

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu, sitalijibu kwa haraka.

Kwanza, hatia ya wale watangazaji haina mjadala. Mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani Desemba 2003: Nahimana na Barayagwiza wa RTLM, na Ngeze wa gazeti la Kangura. Mtu anayesoma jina la mwenzake redioni na mahali anapoishi ameshika panga tayari.

Lakini wasikilizaji waliingiwaje, hapo wataalamu wamegombana. David Yanagizawa-Drott alitumia milima yenyewe ya Rwanda: kuna vijiji vilipata mawimbi na vingine vilifunikwa na kilima. Akalinganisha, na 2014 akaandika kwamba takriban asilimia 10 ya mauaji, watu kama 51,000 walioshiriki, inaweza kuhesabiwa kwa redio ile. Scott Straus yeye alikaa na wafungwa waliokiri kuua, akawauliza mmoja mmoja. Wengi hawakuitaja redio kuwa ndiyo iliyowatoa nyumbani. Walitaja kundi la wanaume lililokuja mlangoni.

Kwa haraka unaona wanapingana. Mimi naona wanakutana. Katika hesabu ya Yanagizawa-Drott, kijiji kisichopata mawimbi lakini jirani zake wanayapata, nacho kiliumia zaidi. Maana yake sumu ilitembea kwa miguu. Redio iliwajulisha wale wa kundi kwamba wakubwa wameruhusu na hakuna atakayeulizwa, na iliwajulisha wasiotaka kwamba wako peke yao hata pale ambapo hawakuwa peke yao. Mtu mwenye moyo mzuri aliyekuwa na wenzake kumi wa kufanana naye kwenye kilima kile hakuwajua. Kila siku alisikia sauti moja, akadhani ndiyo sauti ya kilima chote. Hili linanitisha kuliko kusema walilogwa na redio. Aliyelogwa hana hesabu ya kufanya.

Mzee wa Katindo

Sijakubali yote, lakini nimekusikia. Hilo la "wako peke yao" ni kweli. Hata kwenye mawingu ya Mobutu ilikuwa hivyohivyo. Tulipoanza kusikia Konferansi ya Taifa, ule mkutano mkubwa wa kujadili nchi, redioni, watu wanamsema mkubwa hadharani, ndipo tulijua kumbe tulikuwa wengi.

Muuguzi wa Grand Nord

Habari zenu. Mimi nilifanya kazi Butembo wakati wa Ebola, na pale ndipo hoja hii ya jirani ilituchoma vidole.

Ugonjwa ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha rasmi 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa. Kila redio ilisema Ebola ipo, nawa mikono, usiguse maiti. Asubuhi, mchana, jioni, Kiswahili, Kinande, Kifaransa. Septemba 2018 watafiti wakauliza watu 961 wa Beni na Butembo: robo nzima walisema hakuna Ebola. Hawakukosa habari. Matangazo waliyajua kwa moyo, watoto waliyaimba.

Halafu Desemba ile CENI, tume ya uchaguzi, ikatangaza, siku chache kabla ya uchaguzi, kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura na wengine, kisa Ebola na usalama, wasubiri hadi Machi 2019. Rais akaapishwa Januari. Fikiria wewe ni mkaaji wa Beni. Sokoni mnasongamana kila siku, kanisani mnasongamana, kura ndiyo italeta ugonjwa? Kituo cha wagonjwa kilishambuliwa. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni wakapanga foleni, wakapiga kura yao wenyewe ya kuonyesha. Tangu hapo hata mtu aliyemwona shangazi yake akifa mbele ya macho yake aliona haya kusema Ebola ipo, kwa sababu kusema hivyo ilikuwa sawa na kuwaunga mkono walioinyang'anya Beni kura yake.

Wewe unaita hesabu. Sisi tuliiona kwa macho: mama ananiambia faraghani mchukueni mtoto apimwe, ananiambia mbele ya shemeji zake ondokeni na siasa zenu. Na waliosimama upande wetu redioni walilipa. Mtangazaji wa redio ya jamii kule Lwemba, Ituri, aliyeendesha vipindi vya Ebola, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019.

Kilichotuokoa pale kwetu ni waliopona. Yule anarudi kwake, anauza nyanya palepale alipouzia zamani. Spoti (matangazo mafupi) za redio zingeweza kuisha zote, yule muuza nyanya akabaki.

Mpokea Komunike

Dada muuguzi, aksanti sana. Hiyo ya mama wa faraghani na mama wa mbele ya shemeji, sitaongeza kitu.

Mtoto wa Kamalondo (Lubumbashi)

Naona mnazunguka mwenye mali. Nani anamiliki hizo redio? Huku kwetu Lubumbashi televisheni ni za wanasiasa, kila mtu anajua hii ya nani, ile ya nani. Nyota ya Moïse Katumbi ilifungwa mwanzoni mwa 2016, alipokuwa ameshahamia upinzani. Tukiwasha televisheni tunajua tunamsikiliza nani, na bado tunasikiliza.

Na kupaje mbona hamuitaji? Mwandishi anaenda kwenye sherehe ya mheshimiwa, anapewa bahasha, jioni habari ya kwanza ni mheshimiwa amekata utepe wa bomba la maji. Bomba lenyewe halina maji. Jirani gani anahusika hapo?

Mpokea Komunike

Ndugu wa Lubumbashi, kupaje ipo Goma kama ilivyo kwenu, na sitamlaani mwandishi anayefanya kazi miezi bila mshahara halafu anaambiwa ale maadili. Ninayemlaumu ni mwenye redio, ambaye anajua hamlipi na anajua bahasha itamlipia.

Ila angalia bahasha inanunua nini. Hainunui wewe uamini kwamba maji yapo, kwa kuwa bomba unaliona kavu. Inanunua nafasi ya kwanza kwenye taarifa. Kule Marekani McCombs na Shaw walilipima hili kwenye uchaguzi wa 1968 katika mji mdogo wa Chapel Hill: mambo ambayo vyombo vya habari viliyapa uzito ndiyo wapiga kura waliyataja kuwa makubwa. Jioni nzima kwenu mtabishana kuhusu mheshimiwa na utepe wake, wapo watakaomtukana, wapo watakaomtetea. Barabara iliyomezwa na mmomonyoko na walimu wasiolipwa hawatatajwa hata kwa matusi. Kwa mheshimiwa, kutukanwa wiki nzima kwa ajili ya bomba ni bei nzuri.

Kijana wa Birere

Bado nangoja WhatsApp yangu.

Mpokea Komunike

Sawa, sawa.

Mwaka 1940, Lazarsfeld na wenzake waliwafuata wapiga kura wa kaunti moja ya Ohio miezi kadhaa ili wajue redio na magazeti vinawageuzaje. Walikuta waliogeuka ni wachache, na waliogeuka mara nyingi waligeuzwa na watu: mume, rafiki, yule wa kazini anayesoma magazeti na kuwapasha wengine. Habari ilitoka redioni ikaingia kwa mtu huyo, kwake ndiyo ikaenda kwa wengine. Hapa kwetu huyo ni yule papa wa kwenye kona mwenye redio kubwa, au dereva wa moto (pikipiki) anayezunguka mji mzima.

WhatsApp imechukua hatua hizo mbili ikazifanya moja. Odio inafika kwenye kundi la avenyu ikiwa imetumwa na Mama Nanihii, unayemjua, mliyekula naye msibani. Sauti ndani ya odio ni ya mtu usiyemjua kabisa, analia, anasema yuko Kibati na anaona kwa macho yake. Lakini kwenye skrini jina ni la Mama Nanihii, kwa hiyo unampa yule mgeni uaminifu wa Mama Nanihii. Kampuni yenyewe iliona hatari: 2019 ikapunguza kusambaza ujumbe mpaka watu au makundi matano kwa mara moja, na 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukabaki wa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Inasaidia kidogo. Ukiwa na makundi ya familia, kanisa, likelemba (upatu), avenyu na wanafunzi wa zamani, vidole vyako vitatembea tu.

Na tofauti moja na redio: redio ilipotangaza, nilijua avenyu nzima imesikia. Kwenye WhatsApp kila kundi linadhani mji wote unajua linachojua. Mei 2021 kundi letu la kanisa lilikuwa na hakika gesi ya ziwa italipuka usiku ule, kundi la wafanyabiashara lilikuwa na hakika tangazo ni mbinu ya watu kuibiwa maduka. Mji mmoja, usiku mmoja, na kila upande uliona wote wako nao.

Binti Nyawera (Bukavu)

Ndugu wa Goma, nimesoma kwa utulivu na nina jambo linanikera.

Unasema redio haibadilishi imani, inabadilisha hesabu. Bukavu tumezika watu wa redio. Serge Maheshe wa Radio Okapi, Juni 2007. Didace Namujimbo, wa Radio Okapi vilevile, Novemba 2008. Radio Maendeleo imekuwepo tangu 1993 na imefungwa zaidi ya mara moja, wakati wa waasi wa RCD hasa. Kama kazi ya redio ni kuwaambia watu wanachojua tayari, kwa nini iwape watu hofu kiasi hicho?

Na swali la pili. Radio Maendeleo ilikuwa na radio-clubs vijijini: watu wanakaa, wanasikiliza, wanajadili, wanarudisha maoni yao redioni. Mimi nilikulia humo. Unazipinga na zenyewe?

Mpokea Komunike

Dada, la kwanza. Bila kusema habari ya kesi zile, maana familia zao zipo na wengi hawakuridhika na mahakama: mwenye bunduki haogopi kartiye ijue. Kartiye inajua kila kitu. Nani anaiba usiku, nani anakodisha silaha, nani anatoza watu kwenye kizuizi cha barabara. Kinachomsumbua ni saa kumi na mbili jioni isomwe kwa jina lake, ili kesho mtu akimwona mwenzake amekasirika ajue amekasirikia nini. Ujuzi wa mtu mmoja mmoja hauangushi mtu. Ukiwa wa pamoja, na wote wakajua kuwa ni wa pamoja, hapo mkubwa analala vibaya. Kwa hiyo sijaipunguza redio hata kidogo.

La pili limenikaba, kwa sababu kuna utafiti ambao ulifanyika huku kwetu mashariki ya Kongo na haukupendeza. Paluck yuleyule, 2010. Mchezo wa redio ulipita mikoa yote iliyochunguzwa. Baadhi ya sehemu, baada ya mchezo, ziliongezewa kipindi cha mazungumzo cha kuwahimiza watu wajadili na wajiweke mahali pa wenzao. Nia njema kabisa. Waliopata kipindi kile walijadili zaidi kweli. Lakini walikuwa na chuki zaidi, walikumbuka makosa ya upande mwingine zaidi, na walipopewa chumvi ya asante kisha wakaulizwa kama wangemegea kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu kuliko wale waliosikiliza mchezo peke yake.

Walijadili na nani? Na watu wao. Kipindi kilifungua mdomo, na mdomo ukafunguka mbele ya shemeji, kama alivyosema dada muuguzi. Kila mmoja akasikia kwamba wenzake nao wana kinyongo kilekile, hesabu ikabadilika, ila kwa upande mbaya.

Radio-clubs sizipingi. Zinanipa swali: kwenye klabu yenu kulikuwa na watu wa upande mmoja tu au mchanganyiko?

Binti Nyawera

Mchanganyiko kadiri kijiji kilivyochanganyika, yaani si sana. Lakini tofauti yetu ni kwamba tulijua tunarudisha maoni redioni, na vijiji vingine vitatusikia. Mzee aliyetukana watu wa ng'ambo ya mto kwenye klabu, ikifika kurekodi alipunguza. Alijua binamu zake wa ng'ambo wanasikiliza.

Mpokea Komunike

Hapo umenipa kitu ambacho utafiti haukunipa. Kipindi cha watu kuzungumza peke yao baada ya redio kuzimwa, na klabu inayojua inasikika ng'ambo ya mto, ni vitu viwili. Ningekuwa bado dirishani ningeomba hela ya kujaribu hilo.

Mgeni Goma

Mnaandika 1938, 1994, 2018, 2021. Mbona ya sasa hamna anayeigusa? Mnaogopa?

Mzee wa Katindo

Mwanangu, wewe ulikuwa wapi uzi mzima?

Mpokea Komunike

Mgeni, swali halali. Kuna mama wa Kijerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, aliyeandika 1974 kwamba mtu akihisi maoni yake yamebaki na wachache ananyamaza, kunyamaza kwake kunawafanya wengine wenye maoni hayo wajione wachache zaidi, nao wananyamaza, mpaka upande mmoja unasikika kana kwamba ndio mji mzima. Yeye alikuwa anaongelea hofu ya kutengwa. Sisi tuna hofu nyingine juu ya hiyo.

Kundi lenye silaha la M23 liliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, dunia nzima inajua. Januari hiyohiyo Kinshasa ilikuwa imesimamisha Al Jazeera siku 90 kwa sababu ya mahojiano na kiongozi wa M23. Pande zote mbili zinajua vizuri kazi ya kipaza sauti. Sasa wewe unataka nikuambie watu wa avenyu yangu wanafikiri nini, kwa akaunti iliyofunguliwa leo, isiyo na picha, isiyo na posti nyingine yoyote.

Maswali ya volkano niulize, hata usiku nitajibu.